Natazama kutwa nzima, mbona mikono haifuati?

Swali

Msomaji anayejifunza ushonaji ameandika: "Nipo kwa fundi tangu mwaka uanze. Nikimuuliza jambo ananijibu 'wewe tazama'. Basi natazama kutwa nzima, na usiku narudia video za kutia mkono wa gauni mpaka nazijua kwa kichwa. Lakini nikikaa mimi kwenye cherehani, kitambaa kinajikusanya begani na mkono unageukia mbele. Je, kweli mtu hujifunza kazi kwa kutazama? Na kama ni kweli, mimi nakosea wapi?"

Jibu

Ndiyo, mtu hujifunza kwa kutazama, na wewe umeshajifunza zaidi ya unavyodhani. Ila kutazama kunakupa nusu ya kazi tu: mpangilio wake, umbo lake, inapoanzia na inapoishia. Nusu ya pili, yaani nguvu ya vidole, kasi ya mguu na ile hisia ya kitambaa kinapoanza kukataa, haipiti machoni. Kwa maelezo yako, mambo mawili yanakukwamisha. Unatazama muda mrefu mno bila kushika, na unapotazama, macho yako yapo kwenye sindano wakati uamuzi wa fundi unafanyika kwingine.

Mwanasaikolojia aliyelichambua jambo hili kwa kina ni Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wengi wanamkumbuka kwa jaribio la 1961, ambapo watoto 72 wa shule ya awali walihusika: baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo, na baadaye wakamwiga kwa vitendo na hata kwa maneno aliyotumia. Lakini linalokuhusu wewe ni jaribio la 1965. Safari hii watoto 66 walionyeshwa filamu. Kundi moja lilimwona yule mtu akisifiwa na kupewa zawadi baada ya fujo zake, la pili likamwona akikaripiwa, la tatu halikuona lolote likimpata. Walipoachwa wacheze, waliomwona akikaripiwa ndio walioiga kidogo zaidi. Hapo ungesema hawakujifunza. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi kwa kila kitendo watakachokionyesha, na tofauti kati ya makundi ikafutika. Kumbe wote walikuwa wamejifunza, ila baadhi hawakuwa na sababu ya kuonyesha.

Hivyo kujua na kutenda ni mambo mawili, na kati yake kuna safari. Bandura aliigawa safari hiyo katika hatua nne: kuzingatia kinachofanyika, kukihifadhi kichwani, kukigeuza kuwa kitendo cha mwili, na kuwa na sababu ya kukifanya. Hatua ya nne wewe unayo, maana usingekuwa unakesha na video. Ya pili unayo kwa kiasi. Zilizolegea ni ya kwanza na ya tatu, na hizo ndizo nitakazozikalia.

Nianze na zile video za usiku. Mwaka 2018 watafiti Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio ambayo kila mwanagenzi angefaa kuyajua. Waliwaonyesha watu video za ujuzi mbalimbali, kama kuvuta kitambaa cha meza ghafla bila kuangusha vyombo, au kurusha vishale kwenye shabaha. Wengine walitazama mara moja, wengine mara 20. Waliotazama mara 20 waliamini zaidi kwamba wataweza. Pale walipojaribiwa kwa vitendo, hawakuwashinda waliotazama mara moja. Kujiamini kulipanda, uwezo ukabaki palepale. Kuna kipengele kingine ambacho mimi nakithamini kuliko hicho: watu waliotazama video ya kurusha na kudaka vifaa kwa zamu, kisha wakapewa vifaa hivyo wavishike kidogo tu, walipunguza makadirio yao. Kuvishika tu kuliwafunulia uzito na ugumu ambao jicho halikuwaambia.

Kwa hiyo ukitazama video moja mara kumi mfululizo, unachokikuza ni mazoea ya kuiona video hiyo. Inakuwa rahisi kuifuata, nawe unauchukua wepesi huo kama dalili kwamba kazi yenyewe imekuwa rahisi. Jiwekee kikomo. Kazi moja itazame mara mbili, ikizidi mara tatu, halafu shika kitambaa. Ukikwama, rudi utazame kile kipande ulichokwama tu.

Mpangilio huo wa kushika, kukwama, kisha kutazama tena una nguvu kuliko kutazama mwanzo mpaka mwisho halafu kushika. Pengine umesikia habari za seli za ubongo zinazoamka mtu anapofanya jambo na pia anapomwona mwingine akilifanya. Ziliripotiwa mwaka 1992 kutoka maabara ya Giacomo Rizzolatti huko Parma, Italia, baada ya kuonekana kwa kima aina ya makaka. Watu wengi wamezigeuza kuwa ushahidi kwamba kutazama ni sawa na kufanya, jambo ambalo ugunduzi wenyewe hausemi. Utafiti wa London wa mwaka 2005 unasaidia zaidi. Wacheza baleti na wacheza kapoeira, mchezo wa Brazili unaochanganya ngoma na mapigano, walitazama video za michezo yote miwili huku ubongo wao ukipimwa, na kila mmoja, sehemu zinazohusika na kutenda ziliamka zaidi alipotazama mchezo anaoucheza mwenyewe. Aliyekwisha kushika huona zaidi. Mshono ulioharibu asubuhi utakufanya uone mchana kitu ambacho wiki nzima kilikuwa mbele yako hukukiona.

Sasa twende kwenye mkono wa gauni wenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Kwa anayetazama, fundi huchukua mkono, hubandika pini mbili tatu, huzungusha kitambaa chini ya sindano, na mkono umekaa. Yaliyofanyika ni mengi zaidi. Kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu yenye mviringo, hukatwa kikiwa kirefu kuliko tundu linalokipokea, kwa gauni au koti mara nyingi kwa sentimita 2 hadi 4, ili bega lipate nafasi. Ziada hiyo lazima imezwe bila mkunjo. Fundi huanza kwa kulinganisha alama: katikati ya kichwa kwenye mshono wa bega, mshono wa mkono kwenye mshono wa ubavu, kisha alama za mbele na za nyuma. Kwenye patani nyingi, yaani vielelezo vya kukatia vipande vya nguo, alama ya mbele ni moja na za nyuma ni mbili. Mkono wako unaogeukia mbele, jambo la kwanza la kukagua ni hapo: ama umebadilisha mbele na nyuma, ama mkono wa kulia umeuweka tundu la kushoto, ama alama ya katikati imesogea ulipokuwa unashona.

Halafu hugeuza kazi ili mkono uwe chini, upande wa meno ya cherehani, na mwili wa gauni uwe juu. Hili hufanyika kwa nusu sekunde na hakuna anayelitangaza. Meno husukuma kitambaa cha chini kwenda mbele, na mguu unaokandamiza hukizuia kidogo cha juu, kwa hiyo kipande cha chini hutembea haraka kuliko cha juu. Kipande kirefu kikiwa chini, mashine yenyewe inasaidia kumeza ziada. Kikiwa juu, mguu huisukuma ziada mbele yake mpaka inajirundika, na ukifika begani unapata mkunjo. Naona hilo ndilo linalokupata, au ni mojawapo.

Wakati huohuo mkono wa kushoto wa fundi unakaza kidogo kipande cha juu na kukiacha cha chini huru. Kukaza huko hakuonekani, kwa sababu vidole vinavyokaza na vidole vilivyotulia vinafanana machoni. Ziada yote ameipeleka juu, kati ya alama ya mbele na za nyuma, na chini ya kwapa hakuacha kitu. Anapokaribia bega anapunguza kasi ya mguu. Kila baada ya sentimita chache anasimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, anainua mguu wa cherehani, anapapasa kwa chini kuhakikisha hakuna mkunjo ulionaswa, anashusha, anaendelea.

Angalia sasa wewe ulikuwa unatazama nini. Sindano. Sindano ndiyo inayotembea na kupiga kelele, basi macho huifuata, lakini sindano haina uamuzi wowote. Uamuzi upo kwenye kugeuza kazi, kwenye kidole gumba cha kushoto, kwenye mahali anaposimama na kwenye sauti ya mota inayoshuka. Katika kazi yoyote ya mikono, ukitaka kujua utazame wapi, tafuta pale mwenye kazi anapopunguza mwendo, anaposimama, anapogusa kitu ambacho hakishoni wala hakikati, au anapobadilisha mkono. Hapo ndipo anapoamua.

Tatizo la pili la macho ni wingi. Akili inaweza kushikilia vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, mtafiti wa kumbukumbu, mwaka 2001 alikadiria kuwa ni kama 4 hivi. Kutia mkono kuna maamuzi yanayozidi hapo. Ukitazama yote kwa pamoja, la sita linalifukuza la pili, na jioni unabaki na picha nzuri isiyo na viungo. Kwa hiyo tazama kwa duru. Duru ya kwanza tazama mtiririko mzima bila kuandika chochote, upate kujua kazi inaanza wapi na inaisha wapi. Duru ya pili fuata mkono wa kushoto tu. Usitazame kitu kingine hata kikikuvutia. Duru ya tatu hesabu anaposimama na ujiulize kwa nini kila mara. Fundi anaposhona magauni matatu kwa siku, mikono inayotiwa ni sita, na hizo ni duru sita bila wewe kumsumbua hata kidogo.

Kila unachokiona kipe jina fupi palepale. "Mkono chini." "Kaza juu." "Simama, papasa." Mwaka 1973 Bandura na Robert Jeffery walionyesha kuwa waliozigeuza hatua za mwili kuwa alama fupi, kisha wakazirudia alama hizo kichwani papo hapo, walikumbuka vizuri zaidi. Maneno yawe yako na yawe mafupi. Sentensi ndefu kwenye daftari haisaidii sindano ikiwa inakimbia.

Wanaofundisha madaktari wana utaratibu ambao unaweza kuuazima wote kama ulivyo. Umeenezwa na mpasuaji wa Uingereza, Rodney Peyton, katika miaka ya 1990, na una hatua nne. Kwanza mwalimu anafanya kazi kwa mwendo wake wa kawaida, kimya. Pili anaifanya polepole akieleza kila hatua. Tatu mwalimu anafanya tena, lakini sasa mwanafunzi ndiye anayesema hatua inayofuata, na mwalimu hafanyi kitu mpaka aambiwe. Nne mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akisema. Wengi huruka hatua ya tatu wakiona inapoteza muda, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba utaratibu mzima. Pale unapolazimika kusema hatua kabla haijafanyika, mashimo yote ya kumbukumbu yako yanajitokeza, wala kitambaa hakijaharibika.

Fundi wako anaweza asikubali utaratibu huo, lakini hatua ya tatu unaweza kuifanya bila ruhusa yake. Akiketi kutia mkono, wewe kimoyomoyo sema anachofuata kufanya, sekunde moja kabla hajakifanya. Ukipatia, endelea. Ukikosea, hapo umepata swali la maana la kumuuliza. Kwenye video ni rahisi zaidi: isimamishe kila baada ya sekunde chache, sema kinachofuata, kisha iachie uone.

Mahali unaposimama pia pana uzito. Ukikaa mbele ya fundi, kulia kwake ni kushoto kwako, na kila kitendo inabidi ukigeuze kichwani kabla hujakihifadhi. Kugeuza huko kunakula nafasi ya vile vitu 4 ambavyo akili inaweza kushikilia. Simama nyuma ya bega lake, upande wa mkono unaotaka kuuona, karibu kiasi cha kuona vidole bila kumkinga mwanga. Mwaka 2017 watafiti walilinganisha video za kuunganisha saketi ya umeme zilizopigwa kutoka upande wa macho ya mtendaji na zilizopigwa kutoka mbele yake. Waliotazama kutoka upande wa mtendaji walifanya kazi ile vizuri zaidi. Video zako za usiku nazo zichague hivyo: kamera iwe begani kwa mshonaji, uso wake hauna kazi kwako. Kama unatumia mkono wa kushoto na fundi anatumia wa kulia, basi kwako kukaa mbele yake kunaweza kusaidia, maana utamwona kama kwenye kioo.

Kuhusu nani wa kutazama, usimtazame fundi peke yake. Fundi aliyebobea hukosea mara chache, na akikosea hurekebisha kabla hujajua kulikuwa na kosa. Mwenzako aliyekutangulia miezi michache anakosea wazi, anasimama, anafumua, anajaribu tena. Unaona tatizo na unaona njia ya kutokea. Dale Schunk na Antoinette Hanson walilijaribu hili mwaka 1985 kwa watoto waliokuwa wakisumbuliwa na hesabu za kutoa. Waliomtazama mtoto mwenzao akijifunza walijiamini zaidi na kufanya vizuri zaidi kuliko waliomtazama mwalimu, na wote hao waliwashinda wasioonyeshwa mtu yeyote. Fundi anakuonyesha kazi inapaswa kuwaje, mwenzako anakuonyesha kwamba mtu wa kiwango chako anaweza kufika. Unawahitaji wote wawili. Ukimtazama mwenzako peke yake utachukua na makosa yake, hasa kama hakuna anayemsahihisha mbele yako.

Hapo linakuja suala la kuiga kupita kiasi. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten waliwaonyesha sokwe na watoto wadogo namna ya kutoa zawadi ndani ya kisanduku, wakichanganya vitendo vya lazima na visivyo na kazi yoyote. Kisanduku kilipokuwa cha kuonyesha ndani, sokwe waliviacha vile visivyo na kazi. Watoto waliendelea kuviiga vyote. Usiwacheke. Kwa kazi ambayo hujaielewa, kuiga kila kitu ni busara, kwa sababu huna njia ya kujua kipi ni cha lazima. Fundi akigonga kitambaa mezani mara mbili kabla ya kukata, gonga. Baadaye uliza, au jaribu kwenye kitambaa chakavu bila kugonga, uone kama kuna kilichobadilika. Mengine utakuta yana sababu kubwa, mengine ni mazoea ya mwili wake tu: kiti chake ni kifupi, goti linamuuma, mkasi wake una upande mmoja butu. Wanagenzi wengi wamerithi mikao ya mafundi wenye maumivu ambayo wao hawana.

Hata watoto wachanga huanza kuchuja mapema. György Gergely na wenzake, mwaka 2002, waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu anayewasha taa kwa kuigusa na paji la uso. Pale mikono yake ilipokuwa huru, asilimia 69 ya watoto walitumia kichwa pia. Pale alipokuwa amejifunika blanketi na kulishika kwa mikono yote miwili, ni asilimia 21 tu waliotumia kichwa. Wengine waliwasha kwa mkono. Walikuwa wakisoma sababu, siyo kitendo pekee. Nawe ukimwona fundi akifanya jambo la ajabu, tazama kwanza mkono wake mwingine una shughuli gani.

Umeandika kama vile kutia mkono ndiyo kazi yako ya kwanza kubwa. Kama ndivyo, mpangilio wa mafunzo yako wenyewe una kasoro. Mwanaanthropolojia Jean Lave alichunguza wanagenzi wa ushonaji huko Liberia katika miaka ya 1970, na alichokikuta ni somo kamili la namna ya kupanga kutazama. Wanagenzi walianza mwishoni mwa vazi: kupiga pasi vazi lililokamilika, kutia vifungo, kukunja pindo. Baadaye wakaja kwenye kushona vipande, na mwisho kabisa kukata. Kwa kuanzia mwishoni, mtu alikuwa ameshayajua maumbo ya vazi zima kabla hajaombwa kuyaunda. Pia waliachiwa kwanza mavazi mepesi, kofia na nguo za ndani, wakapanda taratibu hadi suti. Kukata kuliwekwa mwisho kwa sababu mshono mbaya unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwenda.

Basi kabla hujarudi kwenye gauni la mteja, fumua mikono. Tafuta gauni kuukuu, au kazi za kurekebisha zinazoletwa, uutoe mkono mshono kwa mshono ukiangalia ziada ilikaa wapi. Ukifumua mkono ulioshonwa na fundi stadi utaona mambo ambayo hakuna video inayoyaonyesha: mahali mishono ilipobana, upande uliokuwa chini, alama alizozipunguza. Kisha jizoeshe kwa kipande tu, bila vazi. Chukua mabaki ya kitambaa, pamba isiyoteleza, ukate jozi 6 za tundu na kichwa cha mkono peke yake. Kwenye kichwa, kati ya alama ya mbele na za nyuma, pitisha mistari 2 ya mishono mirefu ya milimita 4 ndani ya ukingo wa mshono, uvute nyuzi za chini taratibu mpaka urefu ulingane na tundu, ugawe ziada kwa vidole, ubandike pini kila sentimita 2, ndipo ushone. Jozi ya kwanza na ya pili shona huku video au mfano ukiwa mbele yako. Ya tatu usiangalie popote. Ya nne angalia tena, ila pale tu ulipokwama kwenye ya tatu. Mbili za mwisho ziache mpaka kesho yake asubuhi, uzishone kabla hujatazama chochote. Hizo za asubuhi ndizo zitakazokuambia ukweli, maana za jioni bado zinabebwa na picha mbichi.

Usianze na satini wala kitambaa cha kunyumbulika. Utashindwa kutofautisha kosa lako na ukaidi wa kitambaa.

Limebaki la fundi anayesema "wewe tazama". Pengine hakunyimi kitu. Mtu akishafanya kazi miaka mingi, hatua ndogo huungana zikawa kitendo kimoja, na akiulizwa anaeleza vipande vikubwa tu: "unalinganisha, unashona". Kule kugeuza mkono uwe chini hakumo kwenye maelezo yake kwa sababu hakumo tena kwenye fikra zake, kumebaki mikononi. Swali pana kama "unafanyaje?" litakuletea jibu pana. Uliza swali lenye kidole, na uliulize kazi ikiwa imesimama: "Hapa ulipogeuza kitambaa, ingekuwaje usingegeuza?" Au: "Ulisimama hapa, ulihisi nini?" Swali la namna hiyo hujibika kwa maneno matano, na mara nyingi fundi mwenyewe hufurahi kugundua kwamba alikuwa na sababu.

Lakini kama kwenye karakana mwanagenzi akiharibu hukaripiwa mbele ya wenzake, rudi kwenye lile jaribio la 1965. Wanaotazama karipio hujifunza pia: hujifunza kutoshika kitambaa mbele ya fundi, kuficha mshono ulioharibika, na kusema wameelewa. Baadhi ya wanaoitwa wazito wanajua kazi vizuri kuliko wanavyoonyesha. Ukiona hofu hiyo ndani yako, fanyia mazoezi kwenye mabaki saa ambayo hakuna mteja, na umwonyeshe fundi baada ya kumaliza.

Ukimpelekea, mpelekee kazi ikiwa imegeuzwa ndani nje, ukingo wa mshono ukionekana, pini ikiwa imechomwa pale unapodhani kosa lilianzia. Usimwombe akueleze. Mwombe airekebishe hapohapo, nawe uwe umeshasimama nyuma ya bega lake la kushoto. Atakapofumua, angalia anaanza kufumua kutoka wapi, kwa sababu mara nyingi ataanza sentimita 3 au 4 kabla ya pini yako.